Diski Ngumu ya Kinasa Video: Namna ya Kuongeza Siku za Kumbukumbu

Mwisho wa mwezi ni wakati wa kuhesabu mali. Katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ambako dagaa wa Ziwa Victoria hukusanywa kutoka visiwani na kusafirishwa kwa magunia hadi mikoa mingine na nchi za jirani, mwenye ghala huketi na karani wake wakalinganisha daftari na yaliyomo ghalani. Na ichukuliwe kwamba hesabu ya tarehe 30 imeonyesha upungufu wa magunia sita, na kwamba karani, kwa kupitia stakabadhi moja moja, amegundua kuwa upungufu huo ulitokea baina ya tarehe 8 na tarehe 10. Ghala lina kamera nne za ulinzi. Mlinzi wa zamu ya usiku anashukiwa. Yeye anakana, na ndiye anayekuwa wa kwanza kuomba picha zitazamwe. Saa nne asubuhi kinasa video kinawashwa mbele ya watu wote. Picha ya zamani kuliko zote iliyomo ni ya saa tisa alasiri ya tarehe 24.

Hakuna aliyefuta kitu. Kifaa hakikuharibika, wala hakuna mkono wa mtu uliokigusa. Kimefanya kile hasa kilichoundwa kukifanya: nafasi ilipokwisha, kilirudi mwanzo na kuandika picha mpya juu ya zile za zamani. Mwenye mali hana njia ya kuthibitisha shaka yake, na mlinzi hana njia ya kujitetea. Jambo hili hutokea mara nyingi, na dawa yake ya kawaida ni kuondoa diski ngumu iliyomo na kuweka kubwa zaidi. Kazi yenyewe haizidi nusu saa. Lakini anayeifanya bila kuelewa mambo machache ya hesabu na fizikia anaweza kutumia fedha nyingi akajikuta pale pale alipokuwa.

Kutoka utepe hadi diski

Hapo zamani picha za ulinzi zilinaswa katika utepe wa sumaku, sawa na ule wa kaseti za video. Utepe ulikuwa na kasoro mbili: ulilika kwa kusuguana na kichwa cha kusomea, na ulihitaji mtu wa kuubadilisha kila ulipojaa. Diski ngumu haikuwa na kasoro hizo, ila kwa miaka mingi ilikuwa ndogo mno kwa kazi ya picha. Diski ya kwanza ya aina hii, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, mtambo wake ulikuwa na uzito wa karibu tani moja, na iliweza kuhifadhi herufi milioni tano tu. Kiasi hicho hakitoshi sekunde kumi na mbili za kamera moja ya leo.

Mwaka 1999 ndipo vinasa video vya dijitali kwa matumizi ya nyumbani vilipoanza kuuzwa Marekani. Aina ndogo ya kinasa cha TiVo ya wakati huo ilihifadhi saa 14 za vipindi vya televisheni, na haukupita muda wenye navyo wakaanza kuvifungua na kuweka diski kubwa zaidi. Huku Afrika ya Mashariki kifaa hiki kiliingia kwa mlango mwingine. Tanzania Bara ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 1992 + miaka ishirini kamili, yaani mwaka 2012, na Mwanza ikafuata mwaka 2013. Ving'amuzi vikaenea majumbani, na baadhi yake vinaweza kunasa vipindi. Hata hivyo, kwa watu wengi jina DVR, ambalo mafundi hulitamka herufi kwa herufi, halimaanishi king'amuzi. Linamaanisha kisanduku chembamba kilichowekwa juu ya kabati la duka, chenye nyaya za kamera nyuma yake na taa ndogo inayomemeta mchana na usiku.

Hesabu ya nafasi

Picha ya kamera ya kawaida ya siku hizi imegawanywa katika nukta, ziitwazo pikseli, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Jumla ni nukta 2,073,600. Kila nukta, ikiandikwa kwa ukamilifu, huhitaji baiti tatu, yaani moja kwa kila rangi ya msingi: nyekundu, kijani na buluu. Kamera hupiga picha 25 kila sekunde. Mwanafunzi akizidisha namba hizo atapata baiti 155,520,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya megabaiti 155. Kwa kiwango hicho diski ya terabaiti moja, ambayo ni baiti milioni milioni moja, ingejaa kwa muda wa saa moja na dakika 47, tena kwa kamera moja tu.

Kinachookoa ni kule kubanwa kwa picha. Ukuta wa ghala haubadiliki kutoka sekunde moja hadi nyingine, sakafu haibadiliki, magunia yaliyopangwa hayabadiliki. Kwa hiyo kinasa huandika picha moja kamili kila baada ya muda mfupi, na baina ya picha hizo kamili huandika tofauti peke yake: mtu aliyepita, mlango uliofunguliwa. Kwa njia hii, pamoja na ufundi mwingine wa hisabati, kamera iliyotajwa huweza kutumia biti milioni 4 tu kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane. Basi ni megabaiti 0.5 kwa sekunde. Picha imepunguzwa zaidi ya mara 300, na bado uso wa mtu unatambulika.

Sasa hesabu ya ghala inakuwa nyepesi. Megabaiti 0.5 kwa sekunde ni megabaiti 1,800 kwa saa, na kwa siku nzima ni gigabaiti 43.2. Kamera nne hutumia gigabaiti 172.8 kwa siku. Diski ya terabaiti moja, yaani gigabaiti 1,000, ikigawanywa kwa 172.8, hutoa siku 5.79, au siku tano na saa 19 hivi. Ukirudi nyuma kwa muda huo kutoka saa nne asubuhi ya tarehe 30, unafika saa tisa alasiri ya tarehe 24. Kumbe kile kilichowashangaza watu pale ghalani kingeweza kujulikana kwa penseli na karatasi siku kifaa kilipofungwa.

Hapa ndipo panapostahili kuanzia mtu anayetaka kubadilisha diski. Swali la kwanza si diski ipi inauzwa kwa bei nafuu. Swali ni hili: kosa au wizi ukitokea leo, utagunduliwa baada ya siku ngapi? Duka linalofunga hesabu kila jioni linaweza kuridhika na siku saba. Ghala linalohesabu mali mara moja kwa mwezi huhitaji siku zisizopungua 30, na afadhali 35, kwa maana uchunguzi nao huchukua siku. Siku 30 zikizidishwa kwa gigabaiti 172.8 ni gigabaiti 5,184. Diski ya terabaiti 6 itatosha, na itatoa hata siku 34. Njia nyingine ni kutumia kamera na kinasa vyenye mtindo mpya zaidi wa kubana picha, uitwao H.265, ambao kwa picha ya ubora ule ule huweza kutumia karibu nusu ya nafasi. Basi terabaiti 3 au 4 zingetosha. Kupunguza idadi ya picha kwa sekunde kutoka 25 hadi 12 nako husaidia, ingawa nafasi inayookolewa haifiki nusu kamili, kwa kuwa picha mbili zilizoachana zaidi kwa wakati huwa na tofauti kubwa zaidi ya kuandika.

Wapo wauzaji wanaosisitiza kwamba diski inayozunguka kwa kasi zaidi itanasa vizuri zaidi. La hasha. Kamera nne huleta megabaiti 2 tu kwa sekunde, nayo diski ya kawaida ya leo huweza kuandika zaidi ya megabaiti 100 katika muda huo. Kasi ya ziada haina kazi katika kisanduku hiki isipokuwa kuongeza joto.

Ndani ya diski

Diski ngumu ni sahani moja au zaidi, laini kama kioo cha kujitazamia, iliyopakwa utando mwembamba sana wa madini yenye tabia ya sumaku. Uso wake umegawanyika katika sehemu ndogo mno, na kila sehemu ni sumaku yenye kuelekea upande mmoja au mwingine. Kuelekea huko ndiko kunakosomwa kama 0 na 1. Kichwa cha kuandikia ni sumaku-umeme ndogo. Cha kusomea ni kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kikipita juu ya uga wa sumaku. Tabia hiyo, katika namna yake yenye nguvu sana, iligunduliwa mwaka 1988 na Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, nao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2007. Bila ugunduzi huo diski za terabaiti zisingalipatikana.

Sahani ya diski ya inchi 3.5 ina kipenyo cha milimita 95 hivi. Ikizunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, ukingo wake husafiri mita 26.9 kwa sekunde, ambayo ni karibu kilomita 97 kwa saa: mwendo wa basi katika barabara ya lami kati ya Mwanza na Shinyanga, tena dereva akiwa hana subira. Juu ya uso huo unaokimbia, kichwa huelea kwa umbali wa nanomita chache. Unywele wa mtu una unene wa nanomita makumi ya maelfu. Chembe ya moshi wa jiko la kukaangia samaki, ambayo jicho haliioni, ni kama jabali mbele ya kichwa hicho. Ndiyo sababu fundi anaruhusiwa kufungua kisanduku cha kinasa, lakini kifuniko cha diski yenyewe hakifunguliwi kamwe ikiwa bado inahitajiwa.

Kinachokiinua kichwa ni hewa. Sahani inapozunguka huvuta hewa pamoja nayo, na hewa hiyo hukibeba kichwa kama upepo unavyobeba tiara. Kwa hiyo katika diski za kawaida hewa haikuzibiwa nje. Kuna tundu dogo lenye kichujio ndani yake, na juu ya kifuniko huandikwa onyo kwamba lisizibwe. Mwalimu wa fizikia anaweza kuuliza: je, huku Mwanza, ambako mji umekaa kiasi cha mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, hewa si nyepesi? Ni kweli. Kanieneo ya hewa hapa ni takriban asilimia 87 ya ile ya Tanga au Dar es Salaam. Lakini watengenezaji wa diski hukadiria matumizi hadi kiasi cha mita 3,000, kwa hiyo Mwanza imo ndani ya mpaka kwa nafasi kubwa. Vituo vya juu vya Mlima Kilimanjaro ndivyo vingeleta tatizo. Tangu mwaka 2013 zimekuwapo pia diski zilizofungwa kabisa na kujazwa gesi ya heli. Hizo hazijali mwinuko.

Jambo linaloisumbua diski zaidi ni joto na kukatika kwa umeme. Diski nyingi zimekadiriwa kufanya kazi hadi sentigredi 60, na katika kibanda cha bati, ndani ya kabati lisilo na tundu, mchana wa jua kali, kiwango hicho hakiko mbali. Kuhusu umeme, wahandisi wamebuni njia ya kupendeza. Umeme ukikatika ghafla, sahani haisimami papo hapo. Huendelea kuzunguka kwa nguvu ya mwendo wake. Katika sekunde hizo mota yake hugeuka kuwa jenereta, na umeme kidogo unaozalishwa hutumika kukirudisha kichwa mahali pake pa kupumzikia kabla hewa haijaishiwa nguvu ya kukibeba. Kichwa huokoka. Kisichookoka ni picha zilizokuwa bado hazijaandikwa, na pengine orodha ya diski inayoonyesha kila picha iko wapi. Betri ya akiba, hata ndogo ya kumudu dakika kumi, huzuia madhara hayo.

Mipaka ya namba

Mtu anaweza kununua diski kubwa, akaifunga vema, kisha kinasa kikaonyesha nafasi ndogo kuliko ile iliyoandikwa. Mara nyingine hakuna kasoro yoyote: muuzaji huhesabu terabaiti kuwa baiti milioni milioni moja, ilhali kinasa hugawanya kwa 1,024 mara kwa mara badala ya 1,000, na diski ya terabaiti moja huonekana kuwa ni 931. Nafasi ni ile ile kwa vipimo viwili tofauti, kama umbali mmoja ukitajwa kwa maili na kwa kilomita.

Lakini kuna mpaka wa kweli. Diski imegawanywa katika vipande vya baiti 512, na kila kipande kina namba yake. Vinasa vya mwanzoni viliandika namba hiyo kwa biti 28. Namba zinazoweza kuandikwa kwa biti 28 ni 2 kwa kipeo cha 28, yaani 268,435,456. Zikizidishwa kwa 512 mpaka ni gigabaiti 137. Vilivyofuata, baadhi yake vingali madukani na majumbani, vilitumia biti 32, na mpaka wake ni baiti 2,199,023,255,552, yaani terabaiti 2.2 hivi. Na ichukuliwe kwamba diski ya terabaiti 3, yenye vipande 5,860,533,168, imefungwa katika kinasa cha biti 32. Namba hiyo haiwezi kuandikwa. Hufanyika kile kinachotokea katika kipimo cha mwendo cha gari kuukuu kinapopita 99,999: hurudi sifuri na kuanza upya. Ukiondoa 4,294,967,296 kutoka vipande vyote, hubaki 1,565,565,872, ambavyo ni gigabaiti 801. Mteja amelipia terabaiti 3, naye anaona chini ya moja, kasha anamlaumu muuzaji wa diski. Kabla ya kununua, basi, na isomwe karatasi ya maelezo ya kinasa mahali panapotaja diski kubwa inayokubaliwa.

Kazi ya kubadilisha

Kabla ya yote, picha zinazohitajika zitolewe. Diski ya zamani haiwezi kusomwa kwa urahisi katika kompyuta, kwa sababu vinasa vingi hupanga kumbukumbu kwa utaratibu wao wenyewe. Picha hunakiliwa kwa kuingiza flashi katika kinasa na kuchagua tarehe na saa. Ikiwa kuna shauri linalosubiri, ni vema zaidi diski yote iondolewe, iandikwe tarehe na jina la aliyeitoa, na ihifadhiwe bila kuandikwa tena.

Kisha kinasa huzimwa na kung'olewa kwenye umeme. Fundi hugusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme tuli wa mwilini umtoke, maana katika miezi ya kiangazi hewa huwa kavu na cheche isiyosikika inaweza kuharibu sehemu za elektroniki. Kifuniko hufunguliwa kwa bisibisi. Diski imeshikwa kwa skrubu nne kutoka chini, na ina waya mbili bapa: mwembamba wenye miguso 7 kwa ajili ya taarifa, na mpana wenye miguso 15 kwa ajili ya umeme. Plagi zake zimeundwa ziingie upande mmoja tu, kwa hiyo isiyoingia isilazimishwe. Diski mpya hukaa pale pale ilipokuwa ile ya kwanza. Kinasa kikiwashwa kitaitambua na kuomba ruhusa ya kuifomati, yaani kuifuta na kuigawa upya. Ruhusa hiyo itolewe tu baada ya kuhakikisha kwamba iliyomo ni diski mpya kweli.

Aina ya diski nayo ni muhimu. Diski ya kompyuta ya mezani imekusudiwa kufanya kazi saa chache kwa siku. Ya kinasa huandika saa 24, siku 365. Kamera nne za mfano wetu wa ghala huandika terabaiti 63 kwa mwaka. Zipo diski zilizotengenezwa kwa kazi ya ulinzi, na nyingi kati yake zimekadiriwa kwa terabaiti 180 kwa mwaka. Aidha, kila diski hujiwekea kumbukumbu ya saa ilizofanya kazi, na kinasa au kompyuta yaweza kuisoma. Diski inayouzwa kuwa mpya, lakini kumbukumbu yake ikasema saa 26,280, imekwisha kufanya kazi miaka mitatu bila kupumzika.

Kosa la mwisho katika sehemu hii huwachanganya hata mafundi wazoefu. Kinasa kilichowekewa diski kubwa kinafanya kazi barabara mchana kutwa, lakini usiku huzima na kuwaka, huzima na kuwaka. Chanzo hakimo katika diski. Adapta ya volti 12 na ampea 2 hutoa wati 24 tu. Diski ya inchi 3.5 huhitaji karibu ampea 2 katika sekunde za kwanza, mota inapoanza kuzungusha sahani, na yenye sahani nyingi huhitaji zaidi baada ya hapo. Ikiwa kamera nazo zimeunganishwa katika adapta hiyo hiyo, giza likiingia taa zake za infraredi huwaka na kuvuta umeme wa ziada. Volti hushuka, kinasa huzimika. Kikizimika mzigo hupungua, volti hupanda, kikawaka tena. Adapta yenye ampea zaidi, au ya pekee kwa ajili ya kamera, humaliza ugonjwa huo.

Saa ya kinasa

Diski mpya ikishafungwa, wengi hufunika kisanduku na kwenda zao. Saa haikutazamwa. Vinasa vingi hutoka kiwandani vikiwa na saa ya China, iliyo mbele ya Greenwich kwa saa nane. Afrika ya Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Tukio la saa nne usiku, tarehe 9, litaandikwa kuwa ni saa 03:00 ya tarehe 10. Mlinzi aliyetoka zamu usiku wa manane ataonekana kuwa hakuwapo, au aliyekuwa nyumbani kwake ataonekana kuwa ndiye aliyekuwa zamu. Isitoshe, kinasa huhesabu saa kutoka usiku wa manane, ilhali shahidi husema saa nne akimaanisha 22:00. Tofauti hiyo ya saa sita yafaa iandikwe wazi katika maelezo yoyote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hii mahakamani, ila katika kuupima hutazamwa jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, na kama njia hiyo ni ya kuaminika. Saa isiyo sahihi ni mahali pa kwanza ambapo wakili wa upande wa pili ataweka kidole.

Ndani ya kinasa mna betri ndogo ya mviringo ya volti 3 inayoitunza saa umeme unapokatika. Ikiisha, kila umeme ukirudi kinasa huanza na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Maadamu kisanduku kimefunguliwa kwa ajili ya diski, ni busara kuibadilisha siku hiyo hiyo.

Wadudu wa ziwani

Ipo njia inayosifiwa sana ya kuokoa nafasi: kinasa kiandike pale tu panapotokea mwendo. Katika ghala lililofungwa usiku kucha, nafasi inayotumika inaweza kupungua sana. Lakini kando ya Ziwa Victoria hesabu hiyo ina mgeni wake. Wadudu wadogo wasiouma, wanaofanana na mbu, hupanda kutoka majini kwa makundi makubwa, wakaonekana kwa mbali kama moshi juu ya ziwa, kisha upepo huwaleta mjini nao huzingira kila taa. Buu wao huishi katika tope la chini ya ziwa. Kupanda kwa jamii mojawapo, iitwayo Chaoborus, hufuata mwezi: makundi huonekana zaidi siku chache baada ya mwezi mwandamo.

Kinasa hakijui mtu wala mdudu. Hulinganisha picha na picha, na nukta nyingi zikibadilika huamua kwamba kuna mwendo. Mdudu anayepita sentimita chache mbele ya lenzi, akimulikwa na taa za infraredi, huonekana kama doa jeupe kubwa kuliko mtu aliye mlangoni. Usiku wa namna hiyo kinasa huandika mfululizo hadi alfajiri, tena kila picha ni tofauti na iliyotangulia, kwa hiyo hata ule ufundi wa kubana picha hupungukiwa na faida. Mwenye ghala aliyenunua diski ndogo kwa kutegemea kuandika kwa mwendo hupoteza siku zake za kumbukumbu katika juma moja la kila mwezi. Taa ya nje ikihamishwa mita kadhaa mbali na kamera, na eneo la kutazamwa mwendo likiwekewa mpaka mlangoni tu, hali hupungua. Nafasi ya diski, hata hivyo, na ihesabiwe kana kwamba kinasa kinaandika wakati wote.

Diski iliyokufa

Diski iliyoharibika, ambayo haina picha za shauri wala za watu wasiohusika, ni hazina kwa maabara ya shule. Hii ndiyo itakayofunguliwa. Kifuniko hushikwa kwa skrubu za kichwa cha nyota, na moja mara nyingi imefichwa chini ya karatasi ya jina. Ndani mna sahani ambazo, kwa kawaida katika diski za inchi 3.5, ni za alumini. Baadhi, hasa za kompyuta za mkononi, ni za kioo na huvunjika vipande vikali, kwa hiyo zisipindwe. Mna pia sumaku mbili za neodimi zenye nguvu ya kuweza kubana kidole mpaka kikatoka damu.

Sumaku mojawapo ikiachwa iteleze juu ya sahani ya alumini iliyoinamishwa, haitanasa, kwa kuwa alumini haivutwi na sumaku, lakini itashuka polepole kama iliyo ndani ya asali: mikondo ya umeme inayozaliwa katika alumini hupinga mwendo wake. Kwa jaribio la pili sumaku ziachwe mahali pake. Mkono unaobeba vichwa una koili ya waya wa shaba upande wake wa nyuma, iliyo katikati ya sumaku hizo. Ncha mbili za koili zikiguswa kwa nyaya za betri ya tochi ya volti 1.5, mkono huruka upande mmoja. Nyaya zikibadilishana nafasi, huruka upande wa pili.